Nyuma ya Ukuta wa Yazd

Ahmada wa Makunduchi hakuwa mtu wa kuzungusha maneno. Aliacha shule darasa la tano, na hata alipofika miaka arobaini na tisa, akiulizwa kwa nini aliacha, alijibu kwamba alichoka kukaa. Mwaka ule wa 2007 ulikuwa wake wa tisa Guangzhou, na kule Foshan, kwenye viwanda vya marumaru, hakuna bosi asiyemjua. Alikuwa akiingia ghalani anaokota marumaru moja, anaigonga kwa ukucha na kuisikiliza, kisha anaigeuza na kuiramba mgongoni. Ulimi ukinata, marumaru inafyonza maji, haifai. Usiponata, anasema, "Hii," na mazungumzo yanaanza. Wachina walicheka mwanzoni. Baadaye waliacha, maana ulimi wa Ahmada haukuwahi kukosea, na nusu ya nyumba mpya za Unguja kusini zilikuwa zimepita kwenye ulimi huo.

Lakini zaidi ya marumaru, Ahmada alijivunia asili yake.

"Mimi Mshirazi," alikuwa akisema, apende mtu asipende.

Ndivyo wanavyojiita watu wa kwao, tangu na tangu, kwamba mababu walitoka Uajemi. Kila mwezi wa saba Makunduchi huoga mwaka: wanaume wanachapana kwa magomba mpaka kinyongo cha mwaka mzima kiwatoke, kibanda cha makuti kinatiwa moto, na mwaka mpya unaingia. Nairuzi, wanaiita. Ahmada alikuwa na kovu juu ya jicho la kushoto kutokana na Nairuzi moja ya ujanani, na alilionyesha kama mwingine anavyoonyesha cheti.

Basi kwao wakaamua kujenga msikiti mpya. Wa zamani ulikuwa umepasuka. Kila aliye nje alipewa sehemu yake. Wa Muscat wakapewa mazulia, wa Dar wakapewa mabati na mbao, na Ahmada akapewa uso: ukuta wa mbele, mlango na minara. Mwenyekiti wa ujenzi, Mzee Maulid, alimpigia simu akamwambia bila kuficha, "Jirani zetu wa Kizimkazi wana msikiti wao wa kale, wageni wanapiga picha kutwa. Wanatucheka. Tufanyie kitu, Ahmada."

Ahmada hakuhangaika. Siku nyingi alikuwa ameona kitu anachokitaka. Kilikuwa ukutani kwa Bemanali.

Bemanali alikuwa Muajemi mwenye chumba cha biashara kwenye mnara mmoja wa mtaa wa Xiaobei. Alinunua mikoba soko la Shiling na kuipeleka kwao, na Ijumaa yeye na Ahmada walikutana msikitini. Walizungumza Kichina cha sokoni, Kiarabu cha kuswalia na mikono. Juu ya meza yake alitundika kalenda yenye picha ya jengo: ukuta mrefu wa ghorofa tatu, matao juu ya matao, na katikati minara miwili inayokwenda mbinguni. Jengo lilikuwa la rangi ya udongo, limepambwa kwa buluu.

"Hii iko kwenu?" Ahmada aliuliza siku ile.

"Kwetu hasa. Yazd."

"Uajemi?"

"Uajemi."

Ikamtosha. Aliipiga picha ile picha, akaituma Makunduchi na maneno matano: Huu msikiti wa babu zetu. Ijumaa iliyofuata ilitangazwa mbele ya watu kwamba Ahmada analeta uso wote wa Uajemi kama ulivyo, na habari ikafika Kizimkazi kabla ya alasiri.

Mchoro alimpa Domina. Domina alikuwa mwanamke wa Bukoba, mwalimu aliyepata ufadhili, akisomea usanifu wa majengo chuo kikuu palepale Guangzhou. Kila Jumamosi alikuwa akija kula kwa Mwanahija, kwenye ghorofa ya nne ya jengo moja lililojaa wasafirishaji mizigo, ambako Mwanahija wa Mkunazini alikuwa amegeuza vyumba viwili kuwa mgahawa. Meza sita, birika la chai ya tangawizi, na papa wa nazi ukibahatika.

Domina aliuchora ule ukuta vizuri sana, tao kwa tao. Alipomaliza aliweka penseli chini.

"Mzee Ahmada, nyuma ya ukuta huu kuna nini?"

"Kuna msikiti! Kutakuwa na nini tena?"

"Picha haionyeshi kuba. Ukuta mkubwa hivi, kuba liko wapi?"

"Binti, wewe Mkristo wa Bukoba, unanifundisha mimi msikiti?"

Watu wakacheka, na Domina naye akacheka, lakini penseli hakuishika tena. Mwanahija, aliyekuwa akipita na sahani, akasimama.

"Kaka Ahmada, ndani ya huo msikiti wa babu zako umeswali mara ngapi?"

"Sijaswali."

"Umeuona?"

"Nimeuona."

"Wapi?"

Ahmada akarudi kwenye wali wake. Mgahawa mzima ulijua wapi.

"Kwenye kalenda!" Mwanahija akapaza sauti. "Jamani, Mshirazi wa kalenda huyu! Hebu Mshirazi, tuambie leo tarehe ngapi?"

Hata Wakongo wa meza ya mlangoni, wasioelewa nusu ya maneno, walipiga meza kwa kucheka. Ahmada alimaliza wali wake taratibu, akanawa, akatoka. Kule Foshan laoban wake, yaani bosi wa kiwanda, alikuwa ameshampa tarehe: buluu ile haikuwa ghalani, ingechomwa kwa oda, na tanuri lingewashwa mwisho wa mwezi. Alikuwa na siku ishirini na tatu. Alikwenda moja kwa moja kwa Bemanali.

"Unakwenda kwenu lini?"

"Jumanne."

"Tunakwenda wote."

Ndivyo Ahmada alivyofika Yazd. Walishuka Tehran, wakapanda basi, na mchana kutwa dirishani hakukuwa na kitu ila jangwa na milima iliyokauka kama mikate ya juzi. Midomo ilimpasuka. Mji wenyewe ulikuwa wa udongo, nyumba za udongo, vichochoro vya udongo, na juu ya mapaa kulisimama minara mifupi yenye matundu ya kukamata upepo. Alimwambia Bemanali kwamba hajawahi kuona mahali pakavu namna ile ambapo watu wamekubali kukaa.

Kesho yake adhuhuri, Ahmada alivaa kanzu yake ya sikukuu na kofia ya kazi ya mkono. Bemanali alimshusha uwanjani akaenda kutafuta pa kuegesha gari.

Na pale mbele yake lilisimama lile jengo.

Lilikuwa kubwa kuliko picha. Matao juu ya matao, ghorofa tatu, kila tao limechongwa ndani kama kidaka kikubwa cha nyumba ya Mji Mkongwe, na minara miwili iliyochongoka hata shingo ikamuuma. Pembeni ulisimama mti wa mbao, au tuseme fremu ya mbao yenye umbo la jani, ndefu kuliko nyumba ya ghorofa mbili. Ahmada alihisi kifua kinapanuka. Alitia udhu kwenye maji ya uwanjani, akavua makubazi yake ya ngozi, akayaweka sawasawa chini ya ngazi kama mtu mwenye adabu, na kupanda peku. Mawe yalikuwa ya moto. Hakujali. Alitanguliza mguu wa kulia, akasema dua ya kuingia msikitini, na kuingia.

Ndani kulinukia maini ya kuchoma.

Aliendelea, akidhani harufu inatoka nje. Hatua chache tena, akajikuta barabarani. Pikipiki ilimpigia honi. Alikuwa ameingia mbele na kutokea nyuma, na katikati hapakuwa na kitu. Aligeuka, akapita tena, polepole, akitazama kushoto na kulia. Kushoto maduka. Kulia jamaa mwenye masharubu, anapepea mkaa kwa kipande cha boksi, mishikaki ya maini imejipanga mbele yake. Yule jamaa aliitazama kanzu, akaitazama miguu peku inayonyanyuka kwa zamu kwa ajili ya moto wa mawe, akasema neno kwa Kiajemi, kwa upole, na kuonyesha kwa mshikaki upande mwingine kabisa wa uwanja.

Bemanali alimkuta ameketi kwenye ngazi anavaa viatu.

"Umeswali?"

"Nimeswali kwa muuza maini," Ahmada akajibu. "Kwa nini hukuniambia?"

"Hukuniuliza. Uliniuliza kama iko Uajemi."

Ndivyo ilivyokuwa. Bemanali akaketi kando yake, akamweleza. Ukuta ule ni wa kukaa. Siku za maombolezo ya Husein, mjukuu wa Mtume, watu wanajaa kwenye vile vidaka, ghorofa zote tatu, kutazama waombolezaji wanaopita uwanjani; zamani walibeba na lile jani la mbao. Umejengwa baadaye sana. Msikiti wenyewe una zaidi ya miaka mia tano, na ni ule kule, wenye kuba dogo, ambao Ahmada alikuwa ameupa mgongo tangu afike.

"Kwa hiyo hii ni baraza," Ahmada akasema. "Baraza imesimamishwa wima."

"Eh. Baraza."

Waliuvuka uwanja. Msikiti ulikuwa wa kawaida, mzuri kwa utulivu wake, na ndani kulikuwa na baridi kama kwenye mtungi. Ahmada aliswali mikono imefungwa kifuani, na waliokuwa kando yake mikono imening'inia, na hakuna aliyemtazama mwenzake vibaya. Baada ya swala mtunza msikiti, mzee mfupi mwenye funguo nyingi, alimuuliza anatoka wapi, Bemanali akawa mkalimani.

"Zanzibar. Sisi Washirazi."

Mzee alitafakari. "Shiraz ni kule," akasema, akionyesha ukuta. "Mwendo wa kutwa kwa basi. Hapa Yazd."

Mgeni mwingine angeona haya. Ahmada aliinua nyusi yenye kovu. "Muulize kwao wanafanya Nairuzi?"

Mzee alicheka. Nani Muajemi asiyefanya? Ndipo Ahmada akaanza kusimulia, magomba, kinyongo, kibanda cha makuti kinavyowaka na mtu anavyochomoka ndani yake mbio kujificha msituni, na Bemanali akitafsiri huku naye anasikia kwa mara ya kwanza. Walipofika kwenye moto, mzee aliinuka. Nao kabla ya Nairuzi wanawasha moto na kuuruka! Akawaita wenzake waliokuwa wanatoka. Wakabishana kidogo, maana Nairuzi yao iko mwezi wa tatu, na mmoja alisema wa Zanzibar wamechelewa. "Sisi bahari ilituchelewesha," Ahmada akajibu, na walipotafsiriwa walimkumbatia mmoja mmoja. Kama babu zake walipita mji ule au hawakupita, hakuna aliyejua. Lakini watu wanane wa Yazd walisimama kwa heshima ya Makunduchi, na Ahmada aliona kwa macho yake.

Mzee mwenye funguo hakumwacha aondoke. Alimzungusha. Mahali hapa, alisema, palijengwa na amiri wa mji na mke wake, Bibi Fatima. Hawakujenga msikiti peke yake. Walichimba kisima cha maji baridi, wakajenga hamamu, nyumba ya wasafiri, na duka la halua.

"Halua ya nini?" Ahmada akauliza.

"Mtu akitoka jangwani anataka maji," mzee akasema. "Kisha anataka kuoga, kulala, na kitu kitamu mdomoni. Ukimpa hivyo, ataswali mwenyewe bila kuambiwa."

Mwisho walimpeleka kwenye birika la zamani jirani na pale, tangi la chini ya ardhi ambalo mtaa mzima ulikuwa ukichota. Ngazi zilishuka gizani. Ahmada alizihesabu kwa mazoea ya kazi: arobaini na moja. Juu jua lilikuwa linachoma ngozi. Ngazi ya thelathini alianza kuhisi baridi, na chini kabisa alitamani koti. Upepo wa ile minara ya juu ulikuwa unashuka mpaka kule. Aliupapasa ukuta. Ulikuwa umepigwa lipu ya kijivu, laini, ya karne nyingi.

Bemanali hakuamini alichokiona. Ahmada alisogeza uso akauramba ule ukuta.

Ulimi haukunata.

Alikuwa ameramba marumaru za viwanda vyenye mashine za Italia na nyingine zikanata, na hawa, wenye chokaa, majivu na mikono yao, walikuwa wamefanya kitu kisichofyonza hata leo. Alifikiria Makunduchi, mwamba wa matumbawe juu mpaka chini, visima vya maji ya chumvi, na mama yake aliyekuwa akitoka na ndoo kabla ya adhana ya alfajiri na kurudi jua limepanda. Mvua ya masika hunyesha, ikapita kwenye mapaa, ikazama kwenye mwamba, basi. Tangu Washirazi wafike.

"Hawa ndio babu zangu," alisema kwa Kiswahili, na hakuna aliyemtafsiri.

Guangzhou alirudi zikiwa zimebaki siku kumi tanuri liwashwe. Jumamosi kwa Mwanahija aliwaeleza yote, pamoja na muuza maini, kabla hata ya kuulizwa. Mwanahija alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya mtandio. Domina hakucheka.

"Mzee, unaweza ukanyamaza," alisema. "Ukuta ni mzuri. Nimeuchora, najua. Makunduchi nani atajua?"

"Mimi nitajua. Kila Ijumaa nitaingia mbele natokea nyuma." Aliusukuma mchoro pembeni. "Nataka birika chini ya ua wa msikiti, linywe maji ya paa lote. Ngazi za kushukia. Mnara wa upepo. Juu yake mabaraza ya kukaa watu. Buluu siitaki."

"Na uso?"

"Chokaa."

Domina akachukua penseli.

Iliyobaki ilikuwa ngumu zaidi. Mzee Maulid alisikiliza kwenye simu mpaka mwisho, kisha akalipuka. "Ahmada! Kizimkazi wamekuja mpaka hapa kupima upana wa kiwanja kwa hatua! Imamu ametangaza! Unataka niwaambie watu uso wa Uajemi ni banda la mishikaki?"

"Ndiyo."

"Siwaambii. Uliahidi wewe mbele ya watu, utaiondoa wewe mbele ya watu. Ijumaa baada ya swala naweka simu kwenye kipaza sauti. Wakikataa, unaleta ukuta wako, birika utalichimba kwenu uani."

Ijumaa ile, kwao saa saba unusu mchana, Guangzhou ilikuwa saa kumi na mbili unusu jioni. Ahmada alikaa kwa Mwanahija, Domina kando yake, simu juu ya meza, spika imefunguliwa. Mwanahija alizima feni ili wasikie. Ilisikika mikwaruzo, kikohozi, mtoto analia, kisha sauti ya Mzee Maulid, "Haya, huyu hapa Ahmada. Sema."

Ahmada alikuwa amewahi kukabili maafisa wa forodha, wezi na laoban wa kila aina. Hapa aliivuta simu karibu kwanza.

"Assalamu alaykum," alisema. "Nilikwambieni ile picha ni msikiti wa babu zetu. Si kweli. Sikuuliza. Nimekwenda mwenyewe, nimevua viatu, nimetia udhu, nimeingia, nikakuta mtu anachoma maini. Ule ni ukuta tu. Mzuri, lakini ukuta."

Mbali, mtu mmoja akashindwa kujizuia akacheka, na kicheko kikapita msikiti mzima kama upepo kwenye migomba. Ahmada alingoja kiishe.

"Chekeni. Lakini msikiti wao nimeuswali. Na nimeshuka walikoweka maji yao. Wako jangwani wale, kukavu kuliko kwetu, na wamekaa hapo mamia ya miaka, kwa sababu mtu mmoja na mke wake walianza na maji. Nimeuramba ukuta wa birika lao. Mnanijua. Haukunata. Mimi nasema hivi: kama sisi ni watu wa kule kweli, tufanye walichofanya. Nitaleta marumaru nyeupe za birika, bora kuliko zote nilizowahi kuleta. Uso utakuwa wa chokaa. Mkikataa, tanuri linawashwa Jumatatu, buluu yenu mtaipata. Nimemaliza."

Mwanahija alikuwa ameshika kiuno. Domina alitazama simu kana kwamba ina uso.

Sauti iliyokuja haikuwa ya Mzee Maulid. Ilikuwa ya mwanamke, kutoka nyuma kabisa, upande wa wanawake, na kipaza sauti hakikumfikia vizuri.

"Ahmada! Hilo birika kina chake kiasi gani?"

"La wenzetu ngazi arobaini na moja. Letu tufike ishirini."

"Chini kuna mwamba."

"Najua kuna mwamba."

"Basi mwambie Maulid aache kukunja uso," mama yule akasema. "Mwamba tumeuzoea. Vichwa vyetu ndivyo vimechoka."

Minong'ono ikapanda, ya wanawake kwanza, kisha ya wanaume. Mtu akapiga kelele kutoka mbele, "Na Kizimkazi tutawaambia nini?"

Ahmada akainamia simu. "Waambieni waje kunywa!"

Kishindo kilichotoka kwenye kile kisimu kidogo kiliwafanya watu wa meza ya mlangoni wasimame. Ilikuwa takbira, vigelegele na vicheko kwa pamoja, na Mwanahija, aliyekuwa hajaulizwa lolote, naye akapiga kigelegele chake mpaka jirani Mchina akachungulia mlangoni. Ahmada alikaa wima, mikono juu ya magoti, kama mtu anayepigwa picha.

Kwa muda hakukuwa na mtu upande wa pili, ila viatu vikiburuzwa na sauti zinazokwenda mbali. Kisha Mzee Maulid akarudi, anahema.

"Wameshakwenda uani," alisema. "Mama yako mkubwa ameshika kamba. Wanapima. Mimi hawanisikilizi tena. Haya, nipe upana, urefu, na hilo dude la upepo linakaa upande gani."

Ahmada aliichukua simu, akamnyooshea Domina, ambaye karatasi yake ilikuwa imeshatandazwa mezani kati ya sahani.

"Fundi yuko hapa, Mzee Maulid," alisema. "Anatoka Bukoba. Msikilize yeye."